Kichaka Kilichokataa Moto

Mtandire, Lilongwe
8 Oktoba 1995

Kwa mukubwa wangu Ezechiel, mutumishi wa Bwana, mutu wa uso mukavu,

Salamu nyingi kama dagaa za kwetu Rumonge mwezi ukiwa haupo. Huku tuko wazima. Bibi yangu Odette anakusalimia sana. Mandazi yake sasa inanunuliwa mpaka na polisi, na polisi banalipa, njo ujue ni tamu. Mi mwenyewe nimeota kitambi. Duka yangu ya viatu imekua kabisa. Bantu ba City Centre, ba mabanki na ba maambasade, banashuka kwa magari yabo na kuniuliza: "Bwana René, viatu yangu iko tayari?" Ninabajibu: "Mungoje, fundi anakunywa chai." Mutu aliyefukuzwa na bapadri darasa la tano, leo anangojesha benye cravate shingoni!

Haya, neno lenyewe. Léonidas, yule anayeleta samaki huku kwa baiskeli, nimemupatia katambuga za mutoto wetu Elodie. Usiseme "ah, tairi tu." Ni tairi ya lori iliyovuka nchi ine bila kupasuka. Kifungo chake nimekitoa kwa mukoba wa mama mzungu. Msumari ukikutana na katambuga hiyo, msumari njo unapinda.

Na sasa unisikilize, mukubwa. Tangu Fidès wako, mama ya Elodie, alitufia njiani, pale Kigoma, huyu mutoto anakupikia, anakufulia, anakubebea kiti kwa ibada. Ana miaka kumi na saba, we unamugeuza bibi kizee. Mulete huku. Odette atamufundisha cherehani. Sauti yake ile ataimba hapa pia, Mungu iko na masikio mpaka Mtandire.

Ni mi mudogo wako, fundi mukuu wa Lilongwe yote,
René


Dzaleka
2 Novemba 1995

Mdogo wangu René,

Neema na amani. Sisi tuko wazima. Mahindi ya mgao wa wakimbizi yalichelewa, lakini yamekuja. Jirani yetu Goreth amejifungua mtoto wa kiume, amemwita Bukeyeneza. Viatu vilifika. Elodie alivivaa kwenda bombani siku ambayo hatukuhitaji maji, ili wasichana wavione. Hiyo tabia ni yako.

Nina neno kubwa la kukuambia. Mwezi uliopita wenyeji walichoma nyasi nyuma ya ukuta wa zamani, ule wa jela iliyokuwa hapa kabla yetu. Upepo uligeuka, moto ukala kila kitu hadi kwenye mawe. Katikati kilibaki kichaka kimoja. Kibichi. Hata jani halikukunjamana. Nilikuwa peke yangu. Nywele za mikono zilisimama. Nilivua viatu, nikaanguka kifudifudi, na sikuthubutu kutazama.

Sasa tumezungusha kamba pale. Tunasali ndani yake, na hakuna mguu wenye kiatu unaovuka.

Utacheka. Cheka. Uza naye alifikiri anafahamiana na Mungu. Ng'ombe walijikwaa, sanduku la agano likayumba, akanyoosha mkono alishike lisianguke. Alikuwa na nia njema, akafa palepale. Watu wa siku hizi wamemfanya Mungu jirani wa kuazimana ungo.

Nitakuandikia jambo moja, halafu usiniulize tena. Kama si mkono wa Mungu mkali uliotung'oa Rumonge na kumwacha Fidès kando ya barabara, basi ni watu tu. Ni wale tuliokuwa tunawapa mawese na chumvi. Mungu wa kutisha ninaweza kumwinamia. Jirani siwezi.

Elodie ameanza kuimba ndani ya kamba. Hatakuja Lilongwe.

Nduguyo katika Bwana,
Ezechiel


Mtandire
26 Novemba 1995

Mukubwa wangu,

Salamu, salamu tena, na salamu ya tatu ya kusindikiza. Odette ana mimba! Akizaa mwanaume ataitwa René, akizaa mwanamuke tutafikiri. Mvua imeanza, na mvua ikinyesha viatu ya bantu inaoza, kwa hiyo mi ninamshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Nimesoma Biblia. Ndiyo, mi! Odette alinishika kipaji cha uso, alifikiri ni malaria. Nimesoma kwa hasira, kidole kwa mstari, na sasa nitakujibu.

Mungu alimwambia Musa avue viatu. Viatu ya nani? Ya Musa. Musa akashuka kule mlimani, hakuvulisha hata mbuzi. Halafu usiku ule wa kutoka Misri, Mungu mwenyewe anabaambia bakule nyama haraka, viuno imefungwa, viatu iko miguuni. Na miaka makumi ine jangwani viatu yabo haikuchakaa! Pale njo mi niliogopa kweli. Mungu wa namna hiyo akihamia Mtandire, mi na Odette tunakufa njaa.

Na Yakobo, unamuruka kwa nini? Alimukamata Mungu mweleka mpaka kukakucha, akamwambia sikuachilii. Hakufa. Alichechemea tu. We kila siku Uza, Uza, Uza.

Sasa kichaka chako. Léonidas alipita pale, nimemuuliza vizuri. Ananiambia chini ya kile kichaka hakuna nyasi hata moja. Ni majivu, mabati, misumari ya vitanda, njo mahali bafungwa balikuwa banamwaga takataka na ndoo zabo za choo. Moto ungekula nini pale, mukubwa? Bati? Kichaka kimenona kwa mavi ya wafungwa, we unakipigia magoti. Uko unasujudia jalala.

Nimeandika vibaya, lakini sifuti, karatasi ni ghali. Mulete mutoto.

Mudogo wako,
René


Dzaleka
14 Januari 1996

René,

Neema na amani. Mvua ni nyingi, nyumba nyingi za udongo zimebomoka. Bukeyeneza anakohoa. Namwomba Mungu kwa ajili ya mimba ya Odette.

Nilikaa muda bila kukujibu kwa sababu neno la jalala lilinichoma. Na mimi pia nimemuuliza Léonidas vizuri. Ananiambia duka lako kubwa ni turubai juu ya miti minne, na wewe unakalia jiwe. Wenye tai wa City Centre hajawahi kuwaona. Kwa hiyo tusifundishane habari za kuona visivyokuwepo.

Yakobo hakufa, ni kweli. Lakini aliguswa, na hakutembea tena kama wewe na mimi. Ulisoma kwa kidole, kidole kikaruka hapo.

Kijana mmoja, Étienne, aliingia ndani ya kamba na mabuti yake akicheza na kutuigiza. Juma halikuisha, ukuta wa chumba chake ukamwangukia kwa mvua, mguu ukavunjika vipande. Mama yake alikuja kwangu analia. Nilimwambia alie mbele ya kichaka, asilie mbele yangu. Tangu siku hiyo hakuna anayecheka, na watu wameongezeka mpaka tumesogeza kamba.

Elodie anaimba vizuri kuliko mama yake. Juzi, katika kuimba, alikanyaga kitu chenye kutu, kikaingia kisiginoni. Hakulia. Damu ilinywewa na udongo, nami nikasema Amina. Katambuga zako zinamngoja nje ya kamba, kama inavyostahili.

Ezechiel


Mtandire
19 Januari 1996

Mukubwa,

Odette anakusalimia. Wote wazima.

Ndiyo, ni turubai. Ni turubai ya bluu ya bakimbizi, ya wakubwa wa dunia, haivuji. Na jiwe ninalokalia ni kubwa. Tumemaliza hiyo.

Sasa ninaacha mchezo, na we unajua mi kuacha mchezo ni kama samaki kuacha maji. Ukishapokea hii, umupeleke Elodie kwa dispensari ya kambi achomwe sindano ya msumari. Leo, si Jumapili baada ya ibada. Kile kidonda bakifungue, bakisafishe mpaka ndani. Ni bure. Musa hakukataza sindano. Kama unaona haya mbele ya bakristo bako, umupeleke kwa njia ya nyuma, umufunike kitenge, sitamwambia mutu.

Ninakuomba, mukubwa. We unajua kwa nini ninaandika hivi. Kuna jina ambalo sitaki kuliandika hapa, na we unalijua kama mi.

René


Dzaleka
30 Januari 1996

Mdogo wangu René,

Amani iwe kwako, na moyo wako ulainike unaposoma.

Elodie amemwona Bwana.

Ilianza Ijumaa. Aliamka akasema taya zake ni nzito. Mchana kinywa kilifungwa kabisa. Utakumbuka nabii ambaye mimi nimepewa jina lake: Mungu alimgandisha ulimi kwenye kaakaa, akawa bubu mpaka siku ya kufunguliwa. Danieli naye alikosa nguvu na pumzi, akainamisha uso chini. Jioni shingo yake ilivutwa nyuma, na mgongo ukainuka kama upinde, hata anagusa mkeka kwa visigino na kisogo tu. Hakuna binadamu awezaye kujishikilia hivyo kwa nguvu zake mwenyewe.

Na anatabasamu, René. Usiku na mchana. Nyusi zimepanda, midomo imevutwa, meno yote yanaonekana. Sijaona tabasamu kama hilo tangu mama yake.

Tumemhamishia chini ya kichaka, tumemtengenezea kibanda. Watu wanatoka pande zote za kambi, wanavua viatu mbali na kutambaa. Tunapiga ngoma. Kila ngoma inapolia, mwili wake wote unaitika, unatetemeka kama Sinai. Tukinyamaza, analegea. Kwa hiyo hatunyamazi. Goreth alisema labda tumpumzishe. Nilimuuliza kama yeye ndiye atakayemwambia Mungu aende.

Barua yako ya sindano ilifika. Nimeiweka.

Ezechiel


Mtandire
2 Februari 1996

Zima hizo ngoma. Umutie kwa nyumba yenye giza, mutu asimuguse, mutu asiseme. Léonidas anatangulia na karatasi hii. Mi ninatafuta matola, gari yoyote, hata ya kubeba mbuzi. Ninakuja na viatu.

René


Dzaleka
20 Februari 1996

René,

Sina salamu.

Ulikuja saa ya ibada. Ulivuka kamba na mabuti yenye tope. Nilisimama mbele yako, mimi mkubwa wako niliyekubeba mgongoni, ukanisukuma kama mtu anayesukuma mlango. Ulichomoa kisu chako cha kukatia tairi ukaichana ngoma, na ya pili, na ya tatu, ukisema kwa sauti ya chini, "Nyamazeni, mbwa nyinyi, nyamazeni." Halafu ulivua koti lako, ukamfunika uso, ukambeba huku amekauka kama ubao. Miguu yake ilikuwa inagonga nguzo za kibanda, nawe unamwomba msamaha kwa kila nguzo.

Watu hawakukuzuia. Unajua kwa nini? Walikuwa wanangoja uanguke. Wote walirudi nyuma ili usiwaangukie. Nami nilingoja. Nilikutazama mpaka gari ile ya mbuzi ilipoingia barabarani, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kusema juu ya maiti yako.

Hukuanguka.

Sasa wanaokuja kusali ni wachache. Mmoja aliniuliza kama kamba inaweza kupunguzwa apate kuanika nguo. Mama yake Étienne alipita na viatu, taratibu, akinitazama usoni kila hatua, mpaka akafika kwenye kichaka. Akavunja tawi, akaenda nalo nyumbani kupikia. Liliwaka, nimesikia. Lilitoa moshi mwingi lakini liliwaka.

Uliondoa pia katambuga zake nje ya kamba. Goreth alikuona.

Nijibu jambo moja tu. Kinywa chake kimefunguka? Na kama kimefunguka, alisema nini? Aliona nini? Nina haki ya kujua alichokiona.

Ezechiel


Mtandire
17 Machi 1996

Kwa kaka yangu Ezechiel,

Salamu. Odette yuko mzima, tumbo limekuwa kubwa, mutoto anapiga mateke kama anadai kodi. Sikukujibu haraka kwa sababu sikuwa na jibu, na mara moja katika maisha yangu sikutaka kusema kitu ambacho sijui.

Elodie iko hai.

Hospitali balimulaza kwa chumba bameziba dirisha na blanketi. Walimuweka pamba masikioni na mrija wa maziwa puani, wakamuchoma sindano za kumulegeza. Daktari alisema ni pepopunda, akauliza amekuwa hivi tangu lini. Nilipomwambia, alihesabu kwa vidole, akanitazama. "Na mulikuwa munangoja nini?" Mi, René, mwenye mdomo kama soko la Nathenje, nilitazama viatu yake tu. Nikasema: "Tulikuwa tunasali, dokta." Aliandika kitu, sijui aliandika nini.

Kwa ule mlango nililala chini wiki nyingi. Muuguzi akiangusha sahani, mutoto anakunjika kama kaa kwa moto, mi ninauma mkono wangu. Jino lake moja lilivunjika kwa kukaza. Mgongo haujarudi vizuri, daktari anasema labda hautarudi. Anatembea kidogo sasa, upande. Nilitaka kufanya mchezo juu ya Yakobo, nikaona uso wake, nikaumeza.

Na sasa lile jina, nitaliandika. Gakiza. Baba yetu mudogo Gakiza, pale kwa mashine ya mawese, msumari wa mtumbwi kwa unyayo, njo ulimuua. We ulikuwa na miaka kumi na mbili, mi saba. Balituambia tukae nje, tukachungulia kwa matete. Mi nilikuuliza: "Kwa nini anacheka?" We ukaniziba macho kwa mkono, ukaniambia: "Hacheki." Mukubwa, uliniambia hacheki! Sasa uliniandikia eti mutoto wako anatabasamu.

Ulimukumbuka Gakiza siku gani? Ijumaa asubuhi? Jioni? Ama unataka niamini kwamba ulisahau? Niambie ulisahau, nitaamini. Mi ni mujinga, mi ninaamini kila mutu anayesema atarudi kesho kuchukua viatu.

Unadai alichokiona. Amesema. Nilitaka kukufichia lakini amenikataza, ameniambia niandike kama alivyosema. Odette alikuwa pale, ni shahidi. Haya:

"Sikuona moto. Sikuona kiti wala malaika. Nilikuwa macho muda wote. Nilisikia kila kitu, nani anakohoa, nani anauliza kama nimekufa. Kila ngoma ilinivunja. Nilimuona baba. Alikuwa amevaa shati ya bluu, kifungo cha juu hakipo, nilikuwa nimemuahidi kukishona. Alikuwa amesimama juu yangu, mkubwa, sijawahi kumuona mkubwa hivyo. Sikuwa na kinywa, nikamuomba kwa macho abanyamazishe. Alinitazama. Alielewa. Nimeona ameelewa. Akainua mkono akasema: zidisheni."

Njo hivyo. Halafu akaomba maji.

Mi ningekuwa nimeshakusamehe, Ezechiel. Ningekupiga kofi moja, tungelia, ningekununulia soda. Lakini si mi niliyelala pale. Yeye anasema unaweza kuja, kwa masharti. Usimame mlangoni. Usiongee. Kitanda usiguse.

Na usivue viatu kwa njia ya dini yako. Sakafu ile iko na masindano. Ni hospitali tu.

Katambuga zake ziko chini ya mto wake. Muuguzi alisema ni uchafu, akazitoa, mutoto akalia, akazirudisha.

Mudogo wako,
René


Dzaleka
2 Aprili 1996

René,

Nilikuja Jumatano. Wewe hukuwepo, walisema umekwenda kununua mkate.

Nilisimama mlangoni kama alivyoagiza. Alikuwa ameketi, anashona kitu, mgongo umeinama upande. Aliinua kichwa, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama tu, bila kupepesa, na mimi nilikuwa na shati ile ile, sina nyingine.

 Niliziba uso kwa mikono miwili, sikuthubutu kumtazama. Aliniacha hivyo muda mrefu. Halafu nikasikia sindano inaendelea kupita kwenye kitambaa.

Nilirudi kwa miguu mpaka barabara kuu, kisha kambini. Sitasali tena nyuma ya ukuta. Kamba nimempa Goreth, anaanikia nepi za Bukeyeneza.

Habari ya Gakiza usiniulize tena.

Nilipofika nyumbani niliona damu miguuni, ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimevua viatu. Sikumbuki kuvivua. Vitakuwa hapo nje ya mlango wake.

Usivitume.

Ezechiel